Aksanti kwa Papa wa koti la kijivu, Lubumbashi

Jengo ninalosimamia Likasi lina mita moja tu ya maji, na kila mwisho wa mwezi wapangaji hugombana: nani kalipa nyingi, nani kamwaga. Nilikwenda kwenye mkutano wa wasimamizi wa majengo ya ghorofa Lubumbashi nikitafuta dawa. Msemaji akagusia jambo hilo la kugawana maji mbiombio, kwa Kifaransa cha kitaalamu.

Papa mmoja, jirani yangu wa kiti, aliona kalamu yangu imesimama. Mkutano ulipofungwa alinipeleka kwenye jengo lake mjini. Tulianzia juu, kwenye tangi. Akanionyesha boya linalozuia maji yasifurike, kisha tukashuka hadi kwenye mita ndogo za kila nyumba. Jumlisha hizo, akasema, uitoe kwenye mita kubwa: kinachobaki ni maji ya usafi wa ngazi na ua, ama kuna bomba linavuja. Hesabu hiyo anaibandika mlangoni, kila mpangaji aisome. Akaniacha nipige picha daftari lake, majina ameyafunika kwa kiganja. Hata pesa ya taksi alikataa kupokea!

Aksanti sana, Papa. Wasimamizi wenzangu, anayetaka mfano wa daftari hilo aniandikie, nitamchorea.