Uzi wa sweta hauyeyushwi kwa moto

Mhariri,

Makala yenu ya viwanda ilisema nyuzi zote za plastiki hutengenezwa kwa kuyeyusha plastiki kwa moto. Kwa nailoni ya nyavu zetu huku ziwani, sawa. Kwa akriliki, ule uzi wa kufumia masweta unaouzwa hapa Mwanga, si kweli: ukiipasha moto inaharibika kabla ya kuyeyuka. Huyeyushwa kwa kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha bila moto, kama dimethilifomamaidi, kisha mmumunyo husukumwa kupitia vitundu vidogo sana hadi kwenye beseni la maji. Kiyeyushi hukimbilia majini, maji huingia, polima (yaani plastiki yenyewe) inaganda kuwa uzi.

Darasani nilijaribu jambo la jirani yake. Nililainisha vipande vya boksi jeupe la samaki, lile la povu la plastiki, kwa asetoni (nje, mbali na jiko!) nikavuta ule ute kwa bomba la sindano ili niusukumie majini. Mara ya kwanza bomba lilitoka kuoshwa, tone la maji limebaki ndani. Ute ukaganda mdomoni, nikasukuma mpaka kidole kikauma, wanafunzi wakacheka. Tulipolikausha, uzi ulitoka, ukawa mweupe palepale majini, mnene na mbaya, lakini uzi.

Ndiyo maana viwandani huogopa unyevu kwenye mmumunyo. Hata maji ya beseni huchanganywa na kiyeyushi: maji matupu hugandisha ngozi ya nje upesi mno, ndani yakabaki mapovu, uzi ukawa dhaifu.

Naomba mrekebishe.

Mwalimu wa kemia,
Ujiji, Kigoma