Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa umeme: migebuka yangu imeoza na mto unapita nyuma ya nyumba

Mheshimiwa,

Shikamoo. Kwa umri nadhani wewe ndiye ungeniamkia mimi, lakini cheo nacho kina miaka yake, basi shikamoo. Jina lako silitaji. Ukisoma kidogo utajijua, na usipojijua, msaidizi wako atakuonyesha.

Nakuandikia kutoka Ilagala, wilaya ya Uvinza, mkoa wa Kigoma. Nauza samaki: migebuka, kuhe wakipatikana, na barafu za watoto za shilingi mia mia. Vyote hivyo vinakaa kwenye friza moja nililonunua kwa mkopo. Mkopo wenyewe ni wa kausha damu. Sina haja ya kukueleza zaidi, jina linajieleza.

Alhamisi iliyopita nilishuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki wa Ziwa Tanganyika, alfajiri. Ziwa lilikuwa limetoa, bei ikawa nzuri, nikajitutumua nikachukua kilo 60 za migebuka. Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika. Nikasema utarudi, mbona huwa unarudi. Usiku ukapita. Ijumaa asubuhi nikapiga simu, dada mwenye sauti nzuri sana akaniambia tatizo linafahamika na mafundi wapo eneo la tukio. Nikamuuliza, eneo gani mwanangu? Akasema, eneo la tukio.

Nikalifunika friza kwa mablanketi mawili na magunia, nikapiga marufuku mtu yeyote kulifungua. Wateja walikuja nikawafukuza, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiokoa ubaridi. Jumamosi mchana mjukuu akaniita: Bibi, linatoa maji chini. Nikaenda kuangalia. Yalikuwa mekundu. Wale wa juu nilijaribu kuwabanika, wakawa wanameguka mkononi kama mkate uliolowa. Wa chini sikuwagusa. Jioni vijana wawili walinichimbia shimo nyuma ya migomba, nikawalipa kwa sabuni maana fedha sikuwa nayo.

Umeme ulirudi Jumapili saa tatu usiku. Friza likaanza kuunguruma, tupu.

Jumatatu asubuhi mwenye mkopo akaja na daftari lake. Yeye hachelewagi.

Sasa Mheshimiwa, mimi pia nina daftari. Ni la madeni, lakini kurasa za nyuma huwa naandika mambo ninayosikia kwenye redio na kwenye mikutano, kwa sababu nimegundua viongozi wetu mna kazi nyingi na mnasahau. Niruhusu nikusomee.

Nimeandika mwaka 2008. Wamarekani walitia saini na nchi yetu msaada wa dola milioni 698, na ndani yake kulikuwa na mtambo mdogo wa megawati 8 kwenye maporomoko ya Igamba, hapa hapa kwetu kwenye mto Malagarasi. Tukafurahi. Baadaye uchunguzi wa mazingira ukakuta kwenye yale maporomoko kuna viumbe adimu wa majini, wakiwemo samaki, na mtambo ukaondolewa kwenye mpango. Sehemu ya fedha ikaenda kwenye umeme wa jua. Sikatai, samaki ni viumbe wa Mungu, na mimi wamenilea. Ila nakaa nafikiri: samaki wa Igamba walipata wa kuwatetea mpaka Marekani. Wangu wa kilo sitini wamekufa mara ya pili ndani ya friza, hakuna hata mjumbe wa nyumba kumi aliyekuja kutoa pole.

Nimeandika Novemba 2020. Benki ya Maendeleo ya Afrika imekubali mkopo wa dola milioni 140, yaani 120 zake na 20 za mfuko inaousimamia, kwa ajili ya Igamba ile ile. Safari hii siyo megawati 8 tena, ni 49.5. Na laini ya kilovolti 132 kutoka mtamboni mpaka kituo cha umeme cha Kidahwe, mkoani kwetu. Hapo nimepigia mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Nimeandika Oktoba 2022. Rais alikuja Kigoma, majenereta ya dizeli yakazimwa, tukaingia gridi ya taifa. Siku ile nililia, sikufichi. Tulikuwa mwisho wa reli na mwisho wa kila kitu, leo tumeunganishwa na wenzetu. Na wewe Mheshimiwa, nimekuandika pia. Ulikuja baada ya hapo, ukasimama juu ya gari, ukatuambia kukatika kwa umeme Kigoma kunakwenda kuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Mjukuu wangu hahitaji kusimuliwa. Ndiye aliyeona yale maji mekundu.

Siku hiyo ulikuja na ukurasa wa maelezo, ukatueleza vizuri, hilo nakupa. Ulisema mradi wa Igamba hauhitaji bwawa la kufunika vijiji. Mto unawekewa banio, maji yanachepushwa kwenye mfereji, yanashushwa kwenye mabomba kufuata mteremko wa milima, yanazungusha mitambo, kisha yanarudishwa mtoni yaendelee na safari. Nilielewa mara moja. Maana yake maji yakishatengeneza umeme yanakuja kwetu Ilagala, ndiyo tunafulia, kisha yanaingia ziwani. Kwa hiyo maji yaliyotumika tutayapata. Umeme wake ndio hatujui.

Mzee mmoja jirani yangu alikuuliza siku ile: na kiangazi je, mto ukipungua? Ulicheka, watu wakacheka. Lakini swali lilikuwa la maana. Mtambo usio na bwawa unakula kile mto unacholeta siku hiyo, hauna ghala. Sisi tunaujua huu mto. Unaanzia huko mpakani na Burundi, unazunguka, unaingia kwenye vinamasi vikubwa vya Moyowosi, na vile vinamasi ndivyo vinavyoyashika maji ya masika yasimalizike kwa siku moja. Vikilimwa vile, vikijaa ng'ombe, hata megawati zenu zitakauka. Hili silo lililonifanya niandike. Nimelisema kwa sababu mzee hakujibiwa na sasa macho hayaoni, hawezi kuandika mwenyewe.

Nirudi kwenye migebuka.

Kwa nini umeme ulikatika siku tatu? Sijaambiwa, kwa hiyo nabahatisha kama kila mtu hapa kijijini. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kumsaidia fundi umeme kubeba ngazi, anasema ni transfoma imezidiwa. Wengine wanasema mti ulianguka. Mimi naona ni urefu wa njia. Gridi ilitufikia kwa kushuka kutoka Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu, ndipo Kigoma. Njia ndefu hivyo, yenye radi za masika kama zetu, kila nguzo ni mahali pa kuharibikia. Najua umeme nchini siyo mchache. Bwawa la Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na mwaka 2024 tulisikia redioni kwamba umezidi mpaka mitambo mingine inapumzishwa. Inapumzishwa! Mimi nachimbia samaki shimo, mtambo umepumzika.

Kwa hiyo nilipoanza barua hii Jumatatu usiku nilikuwa na madai matatu. Nilitaka Igamba iwashwe. Nilitaka unitajie tarehe na uisaini. Nilitaka nilipwe kilo zangu 60 na sabuni.

Leo ni Jumatano, hasira imeshuka kidogo, na binti yangu anayenichapia barua hii ameniambia, Mama, hayo hawakupi. Nimefuta moja. Baadaye nikafuta la pili. La tarehe nimeliacha kidogo, nikalifuta nalo, maana tarehe ninazo daftari zima.

Badala yake nina ombi moja tu, na hili Mheshimiwa sidhani linahitaji mkopo wa benki yoyote. Mtuambie. Umeme ukikatika, mtuambie utarudi lini, hata kama ni kesho kutwa, hata kama jibu ni baya. Ningejua Alhamisi jioni kwamba ni siku tatu, usiku ule ule ningewasha moto, ningebanika kilo zote 60, ningeuza wakavu kwa hasara ndogo na mwenye daftari angepata chake. Kilichoniua ni kusubiri. Namba zetu mnazo. Kila nikinunua umeme wa luku, tokeni inaingia kwenye simu kabla sijafunga pochi. Kwa njia hiyo hiyo, ujumbe mmoja. Maneno manne yanatosha: umeme utarudi siku fulani.

Ujumbe tu, Mheshimiwa.

Kesho ni Alhamisi. Nimekopa tena, safari hii kwa dada yangu, kilo 20 tu. Saa kumi alfajiri nashuka mwaloni. Ninunue, nisinunue?

Wako mtiifu,
Mama muuza migebuka
Ilagala, Uvinza