Maji Yanayovuja Yana Mwenyewe: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Jumuiya ya Watumia Maji

Ndugu wanajumuiya,

Nawashukuru mlioanza safari alfajiri kutoka vitongoji vya juu, na ninyi wafugaji mliowaachia vijana ng'ombe ili mfike. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na daftari liko mezani kwa yeyote anayetaka kulikagua. Mimi nitakaa kwenye jambo lililotuchukulia muda mwingi mwaka huu: mpango wa kugawana maji ya mto wetu, na nani alikuwapo ulipokuwa unaandikwa.

Mto wetu ni mdogo, lakini haukomei kwetu. Unashuka milimani, unanywesha majaruba yetu ya mpunga hapa Usangu, unaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, na maji yanayotokea Ng'iriama, mlango wa kutokea Ihefu, ndiyo mto Ruaha Mkuu, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kujaza bwawa la Mtera, kisha Kidatu, kunakofuliwa umeme. Zamani Ruaha ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi huko hifadhini, na lawama zikapanda mto hadi kwetu. Sisi tukawatupia wafugaji, wakulima wa chini wakawatupia wa juu. Miaka ikapita bila kuketi pamoja.

Wataalamu walipokuja kuchukua maoni yetu, walikuja na ramani iliyokwisha kuchorwa. Mama mmoja wa kitongoji cha chini aliitazama kwa muda mrefu bila neno. Kisha akachuchumaa, akaokota kijiti, akauchora mto mchangani. Mawe yakawa mabanio, yaani vizuizi vya kuelekeza maji ya mto mferejini, magunzi ya mahindi yakawa mifereji. Gunzi la mwisho aliliweka mahali ambapo ramani ilikuwa nyeupe. Huo ni mfereji waliouchimba babu zake, na kaya za kwao huchota humo maji ya kunywa. Akasema, "Mlipotujengea banio la zege, mfereji huu ulikufa."

Nililala na maneno hayo. Wazee wetu walijenga banio kwa mawe, miti na majani, nalo likavuja siku zote. Tuliita ule uvujaji upotevu. Lilipokuja banio la zege lenye lango la chuma tulishangilia, nami nikiwa mstari wa mbele, kwa kuwa sasa Oktoba tungeweza kuuzuia mto wote. Kumbe yale yaliyokuwa yakivuja yalikuwa na mwenyewe: yule mama, na walio chini yake, na ng'ombe, na Ihefu yenyewe. Hakuna aliyewauliza, nasi pia hatukuwauliza.

Kwa sababu hiyo tulisimama imara kuhusu vibali vya kutumia maji. Kibali kinataja lita kwa sekunde, na hesabu hiyo inafaa masika. Oktoba mto hauna lita hizo, kwa hiyo aliye karibu na banio hutimiza kibali chake, na wa chini hubaki na karatasi. Tumependekeza kiangazi tugawane kwa mafungu na kwa zamu, kama tulivyozoea kugawana ndani ya mfereji mmoja, na fungu moja libaki mtoni lisiguswe na mtu. Wataalamu waliliandika pendekezo hilo mbele yetu. Bado halijapitishwa, na nitalifuatilia hadi nipate jibu. Tusiombe kama tunaoomba hisani: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inazitambua jumuiya kama hii katika kugawa maji, kutunza chanzo na kusuluhisha migogoro ya wanachama.

Nina kosa la kuwaeleza. Kikao cha kwanza cha maoni nilikiitisha saa sita mchana, wakati wa kupandikiza mpunga. Kina mama walikuwa kwenye tope hadi magotini. Waliosaini mahudhurio karibu wote ni wanaume. Nawaomba radhi. Tulikirudia jioni, palepale banioni, na hapo ndipo tuliposikia kwamba mjane akipewa zamu ya usiku wa manane, maji huchepushwa kabla hayajafika jarubani kwake, naye haendi peke yake gizani kudai. Kamati imeamua kaya hizo zipewe zamu za mchana. Anayelipinga hilo aseme leo, mbele yao.

Mapito ya mifugo kwenda mtoni tumekubaliana na wafugaji, isipokuwa kipande kimoja ambacho tutakitembelea pamoja.

Vinyungu, yaani bustani za kiangazi kwenye unyevu wa kando ya mto, ni mzigo mzito zaidi. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kuna wanachama wetu ambao mboga na mahindi mabichi ya kiangazi huyapata hapohapo. Siwezi kusimama hapa niwaambie wang'oe kesho, wala siwezi kunyamaza nikiona kingo zinamomonyoka. Naomba mkutano huu uteue watu watakaokwenda nyumba kwa nyumba kusikiliza kwanza.

Kabla mvua hazijaanza tutautembea mto kwa miguu, kutoka chanzoni hadi unapoingia Ihefu, tukiwa na ramani ile na kalamu. Kila kitongoji kilete watu wawili, mmoja awe mwanamke, na mfugaji asikosekane. Yule mama amekubali kutuongoza kwenye mfereji wa babu zake.

Naomba kuwasilisha.