Mbuzi katupa, kondoo kasalimika

Mgeta, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Huku milimani baridi imetukaba, lakini wazima. Umeuliza mbona kondoo wa jirani yako alichomwa sindano ileile ya kuleta joto akiwa na mimba ya miezi mitatu na asitetereke, ilhali mbuzi wangu Mweupe alitupa mimba. Swali hilo lilininyima usingizi, nikamsumbua daktari wa mifugo mpaka nikaelewa.

Nilitaka mbuzi waingie joto pamoja, wapandwe wakati mmoja. Kijana wa sindano akauliza kama kuna mwenye mimba, nami kwa ujuaji wangu nikasema hakuna. Mweupe alipandwa mara moja tu, tena beberu mwenyewe hakuwa na hamu! Siku ya tatu alfajiri nikamkuta kasimama pembeni, mkia umelowa. Chini vitoto viwili, havina hata unywele, vikwato laini kama maganda ya kunde mbichi. Kondo la nyuma lilitoka likiwa na vile vinundu vyekundu mithili ya vifungo vya koti. Ndivyo vinavyoshikana na mfuko wa uzazi.

Kumbe kondo la mbuzi linamlisha mtoto vizuri, ila projesteroni, homoni inayoituliza mimba isitoke, haliwezi kuitengeneza ya kutosha. Siku zote 150 mbuzi anategemea kijinundu cha manjano kinachobaki kwenye ovari yai likishatoka. Prostaglandini, ndiyo dawa ya ile sindano, hukiua hicho, na mimba haina pa kushikilia. Kondoo naye huanza hivyohivyo, lakini kuanzia kama siku ya 50 hadi 60 kondo lenyewe linashika zamu. Ukikiua kijinundu baada ya hapo, yeye hana habari. Na sisi tunawafunga banda moja tukidhani ni ndugu!

Ng'ombe yuko katikati. Miezi mitano ya mwanzo sindano humtupisha kirahisi, baadaye kondo nalo huchangia. Kwa hiyo huyo wako, kama hukumbuki alipandishwa lini, apimwe mimba kwa mkono kwanza, hata daktari akikuchaji.

Jambo jingine: mkamwana wako ni mjamzito, asikishike kabisa kichupa cha dawa hiyo. Inapenya ngozini.

Mweupe kaingia joto tena juzi, na safari hii beberu kachangamka. Tarehe nimeichora kwa mkaa mlangoni mwa banda.

Wako wa siku zote,
Mama Neema