Kwa mwenzangu wa Iringa: lile jina nililolikata

Kamwene mwenzangu,

Za huko Iringa, mama anaendeleaje, na mtoto kile kikohozi kimeisha? Huku Mbeya tupo, ila baridi la mwaka huu limekaza, asubuhi maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa na wanafunzi wanaingia darasani wamejifunga mashuka ya kimasai juu ya sare, na mimi siwakatazi. Samahani kwa ukimya, meseji zako zote mbili nimeziona, ila hili ninalotaka kukueleza haliingii kwenye meseji ndo maana nimesubiri Jumapili nikae chini niandike yote.

Uliniuliza kwenye simu mbona siku hizi kila nikiongelea chuo chetu cha ufundi naongelea nauli. Ngoja nikwambie ilipoanzia.

Mwezi wa tatu nilimkata binti mmoja jina. Wa ushonaji, mwaka wa kwanza, anatokea ndani ndani huko ukishapita Mbalizi. Mwanzoni alikuwa haji Ijumaa, alafu ikawa Alhamisi na Ijumaa, alafu wiki nzima, zikafika wiki tatu, na utaratibu wetu ulikuwa ukifikisha wiki tatu wewe ni mtoro. Nikachukua rula na peni nyekundu nikapiga mstari juu ya jina lake, pembeni nikaandika "mtoro", nikafunga rejista nikaenda kunywa chai. Haikufika hata dakika moja, na sikumpigia mtu simu.

Baada ya Pasaka niko zangu Mwanjelwa sokoni natafuta njegere nasikia "shikamoo madam", kugeuka ni yeye, amekaa nyuma ya mafungu ya vitunguu, mtoto amelala mgongoni, na shingoni ana ule utepe wa kupimia wa njano tuliowagawia siku ya kwanza. Nikamuuliza mbona umetukimbia. Akasema, "Sijakimbia madam, nilikuwa nakuja mpaka hela ikaisha." Hakulalamika wala hakuomba kitu. Kumbe pale sokoni wenzake wanampaga sketi za mitumba azipunguze kwa mkono, akanitolea moja kwenye mfuko akanionyesha, nikaigeuza pindo nikaangalia kwa ndani, mwenzangu, mshono mdogo mdogo umefuatana sawasawa hauruki, utadhani umepita kwenye cherehani, na uzi kauficha vizuri kuliko hata wanafunzi wangu waliobaki. Huyo ndo niliyemwandika mtoro.

Usiku nikapiga hesabu. Daladala mbili kuja na mbili kurudi, kama 2,000 kwa siku, siku tano 10,000, mwezi 40,000. Sasa linganisha, veta, vile vyuo vya ufundi vya serikali, ada ya mwaka mzima kwa wa kutwa ni 60,000 na wa bweni 120,000, na ya kwetu haiko mbali sana na hapo. Kwahiyo huyu binti kwa mwezi mmoja na nusu anakuwa ameshawapa makonda ada ya mwaka mzima, na hapo bado hajala, hajanunua kitambaa, hajamwachia mtu chochote cha kumwangalizia mtoto. Na sisi kila kikao tunasema ada yetu ni nafuu, mtu akiacha basi hakuwa na nia. Nilikuwa nasema hivyo na mimi, tena kwa sauti.

Nisikilize vizuri hapa, sisemi hakuna kilichofanyika. Toka 2016 ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilifutwa, 2022 ikaenda mpaka cha tano na sita, na mwishoni mwa 2021 ukatoka ule waraka wa kuwaruhusu waliokatisha masomo warudi shuleni, wakiwemo mabinti waliojifungua. Nimewaona waliorudi, nimefurahi nao. Kuanzia 2023/24 hata wa stashahada kwenye baadhi ya fani wakaanza kupata mkopo wa bodi ya mikopo. Ila wetu wako chini ya hapo, wengi wameishia la saba au kidato cha nne wakapata ziro, wanasoma cheti level one level two, mkopo ule hauwafikii, na ndo wenye hela kidogo kuliko wote. Milango imefunguliwa kweli, mi naongelea yule aliyeshaingia ndani alafu mwezi wa tatu humuoni.

Basi nikaanza daftari. Nikachukua majina yote yaliyokatwa toka Januari kwenye rejista zetu, sio ushonaji tu, nikawatafuta mmoja mmoja, wengine kwa simu, wengine nikawaagizia wenzao, wawili niliwafuata mpaka kwao. Unajua kitu kilichoniumiza, hakuna hata mmoja aliyesema masomo ni magumu. Hata mmoja! Kuna kijana wa ufundi magari kwao Igurusi, tuliwaambia mpaka tarehe fulani kila mtu awe na overoli na buti la sivyo haingii karakana, akaenda kuvuna mpunga wa watu apate hela ya kununua, amerudi na overoli yake mpya kwenye mfuko wa rambo anakuta kashafutwa. Wa ushonaji wengi waliondoka mwezi wa tatu, nikajiuliza kwanini mwezi wa tatu, kumbe ndo mwezi tunaotoka kwenye karatasi tunaingia kwenye vitambaa, na kila mtu alitakiwa aje na mita zake. Sisi wenyewe tuliweka ukuta pale bila kujua. Kuna mwingine wa umeme aliacha kwa sababu msichana alikuwa peke yake na kila wiki fundi anamuuliza kwanini hakwenda ushonaji na wenzake, hiyo nayo nimeiandika na nimemwambia fundi mwenyewe uso kwa uso, hatujaongea vizuri toka siku hiyo lakini sijutii.

Alafu kuna kitu nilisoma nikasema lazima nikusimulie. Marekani wana vyuo wanaviita vya jamii, vya miaka miwili, vinapokea karibu kila mtu anayekuja, na shida yao ni kama yetu, wanaoingia wengi wanaomaliza wachache. Sasa 2007 vile vya New York vilivyo chini ya City University of New York wakaanzisha mpango unaitwa ASAP. Wakamalizia ile ada inayobaki baada ya misaada mingine, wakawapa vitabu, wakampa kila mwanafunzi kadi ya mwezi ya kupandia treni na basi, na mshauri mmoja akawa na wanafunzi kama 60 mpaka 80 tu ambao lazima aonane nao mara kwa mara, wakati wengine wa kawaida walikuwa wanagombania mshauri mmoja mamia kwa mamia. Watafiti wakawagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, hawa ndani ya mpango hawa nje, baada ya miaka mitatu wa ndani waliomaliza walikuwa 40 kwa kila 100 na wa nje 22. Walipojaribu Ohio kwenye vyuo vitatu nako tofauti ikawa kubwa vile vile. Mi sina bajeti ya New York na sikuandikii ili tuige kila kitu, ila nilivyoona kadi ya nauli imo kwenye orodha niliweka simu chini nikakaa kimya. Mji tajiri vile na bado mtu alikaa chini akajiuliza huyu mwanafunzi atafikaje darasani.

Kwahiyo nikaenda kwa mkuu na daftari langu. Nilijiandaa kama naenda kwenye usaili maana sikutaka aone nakuja na huruma tu, nikamuonyesha tarehe walizoacha na sababu zao, na nikamuonyesha ada tunayoipoteza kila jina likikatwa, hapo ndo akavaa miwani. Haikuwa siku moja, nimerudi mara tatu. Mpaka sasa tumekubaliana haya, ushonaji kipindi cha kwanza kimesogea kutoka saa moja na nusu mpaka saa mbili na nusu, na wanaotoka mbali wanaweza kuja siku tatu kwa wiki wakashinda mpaka jioni badala ya siku tano nusunusu, masaa yanabaki yale yale ila nauli inashuka kutoka 10,000 mpaka 6,000 kwa wiki. Ni majaribio mpaka Desemba. Vitambaa tumeanza na mashuka ya mitumba, alafu nimepata oda ya sare kwenye shule ya msingi ya jirani, wao wanaleta kitambaa wanafunzi wanajifunzia humo humo na kila sare iliyopita ukaguzi mshonaji anapata chochote. Na siku hizi mtu asipoonekana siku mbili anapigiwa simu, sio wiki tatu, na kwenye fomu ya kujiunga tunachukua namba mbili na ya jirani moja maana simu zao nyingi hazina chaji. Hiyo fomu nayo ilikuwa ya Kiingereza kurasa nne, tumeiandika upya kwa Kiswahili ikawa kurasa moja na nusu, na mzazi mmoja kutoka Inyala alikuja kaijaza mwenyewe palepale dirishani bila kumuomba mtu.

Moja nililolipenda kuliko yote limefanywa na vijana wa uashi. Karakana ya umeme ina ngazi tatu mlangoni, na tuna kijana anatembelea magongo, kila siku wenzake wanambeba kuingia na kutoka na yeye hapendi, nilishamuona anaangalia pembeni wakimbeba. Mwalimu wa uashi akasema mbona sisi tunafundisha kumwaga zege na kila mwaka tunamwaga uwanjani alafu tunalivunja, akawapa kama kazi ya vitendo watengeneze mteremko. Wakapima wenyewe wakakosea, ukatoka mkali sana, wakavunja wakarudia mrefu zaidi. Siku ulipokauka yule kijana alipanda peke yake polepole, akafika juu akageuka akashuka, akapanda tena. Hakusema kitu na sisi hatukusema kitu.

Na yule binti karudi. Nilimpelekea ujumbe kupitia mwenzake pale Mwanjelwa kwamba ratiba imebadilika, Jumatatu ile akaja na mtoto mgongoni. Mstari mwekundu haufutiki kwahiyo nimemwandika upya chini kabisa ya orodha, anaitika wa mwisho wakati jina lake lilitakiwa liwe la nne, na kila nikiita majina nikifika pale kwenye la nne naliona.

Sasa ndo nakuja kwenye shida yangu kwako. Mtoto. Sa hivi tuna mabinti watano wenye watoto wadogo na tunawaweka kwenye kile chumba cha stoo, tumetandika mkeka, mama wa mwanafunzi mmoja anawaangalia asubuhi, ila hali sio nzuri mwenzangu, chumba kina baridi, na wiki iliyopita mmoja alipata mafua wote watano wakapata, mama zao wote hawakuja siku mbili. Nyie mnaofundisha vyuo vya maendeleo ya wananchi, toka vimeanza 1975, lile wazo Nyerere alilolitoa Sweden, vilikuwa vya mtu mzima mwenye shughuli zake na familia yake, na kwa huu mpango wenu wa Elimu Haina Mwisho, wa kuwarudisha masomoni mabinti waliokatisha, mmeshapokea mabinti wengi na watoto wao palepale chuoni. Mnajua vitu ambavyo sisi tunavibahatisha. Naomba uniandikie bila kuficha, mlezi analipwa na nani, watoto wanakula nini na uji unatoka wapi, mtoto akiumwa mnafanyaje, mwisho ni umri gani, na mama ananyonyesha saa ngapi bila kuvuruga kipindi. Na kama mkuu wenu atakubali nataka nije na mlezi wetu tukae siku mbili tuangalie kwa macho, nauli ya kuja Iringa tutaitafuta wenyewe, sisi tupate pa kulala tu.

Lingine, wanaomaliza Desemba nataka wajiunge watano watano mapema waombe ile mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 wenye ulemavu, maana mtu anamaliza na cheti anarudi nyumbani hana cherehani. Kama mna kikundi kilichofanikiwa kwenu hebu niunganishe na mwenyekiti wao, nataka wanangu waulize wenyewe walipokwama.

Nimempa konda wa basi la asubuhi la kesho kiroba, kuna magimbi na parachichi za Tukuyu, zingine bado ngumu zifunge kwenye gazeti. Atashusha Ipogolo, nitakutumia namba yake usiku. Kile kiroba usikitupe, ukipata mabaki ya vitambaa kwa fundi wako yajaze humo unirudishie, hata vipande vidogo, tunafundishia mishono.

Msalimie mama, mwambie bado nakumbuka ugali wake.

Ni mimi,
jirani yako wa kitanda cha juu