Brashi haina kosa, angalieni maji

Mhariri, salaam. Kwenye kurasa zenu za wikiendi mnawaandikia sana akina mama mambo ya losheni na nywele, sisi wa ndevu mmetusahau kabisa, kwa hiyo leo naomba kanafasi nieleze hili la brashi ya kunyolea na povu lisilosimama maana limenitesa wiki tatu nzima na najua siko peke yangu.

Nilinunua Kariakoo. Nikamuuliza kijana hizi nywele za mnyama gani, akanijibu "boss hiyo origino", basi, kamaliza. Mimi ni Muislamu, na brashi kibao za bei chee zinatengenezwa kwa nywele za nguruwe, sasa origino ya nini? Nikamwambia nipe ya plastiki, akacheka ila akanipa. Hapa niwaombe waagizaji, andikeni tu kwenye boksi ni nguruwe, farasi au plastiki, mteja aamue mwenyewe. Wenzetu Malaysia mwaka 2017 walipita madukani wanakamata brashi za rangi kwa sababu hiyohiyo, sisi hata kuuliza tunaonekana wasumbufu. Na sio mambo ya dini tu, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kuna askari waliambukizwa kimeta na brashi za kunyolea za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa vizuri, kimeta hikihiki cha ng'ombe.

Turudi kwenye povu. Asubuhi ya kwanza nimejiandaa kama bwana harusi, nilishasoma intaneti kwamba brashi unailoweka dakika kumi, nikailoweka, nikaitoa inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikaizungusha kwenye sabuni. Povu likaja, tena jingi, ila yale mapovu makubwa makubwa ya kufulia, kabla sijashika wembe limeshageuka maji linatiririka shingoni linaingia kwenye singlendi. Nikanyoa hivyohivyo, na kesho yake shingo yote vipele.

Kumbe kuloweka ni kwa nywele za mnyama, hasa hizo za nguruwe, zinanyonya maji ndo zinalainika, na ikiwa mpya inabidi uitumie wiki kadhaa hadi ncha zichanike ndo iwe laini usoni. Plastiki hainyonyi kitu, maji yanakaa tu katikati ya nyuzi yanakusubiri. Yenyewe unaichovya, unaikung'uta mara mbili tatu kama unavyokung'uta mikono ukitoka kunawa, halafu ndo unaenda kwenye sabuni ikiwa na unyevu tu, maji mengine utaongeza baadaye tone kwa tone.

Nikafanya hivyo, povu likawa afadhali ila linakufa haraka. Nikasema labda sabuni, maana nilikuwa natumia ya kuogea, nikanunua ya kunyolea kabisa, hizi zinawekewa zaidi mafuta ya aina inayofanya povu liwe zito na lisimame. Bado! Usoni linakauka kama chokaa, na kwenye kikombe kumebaki utando mweupe umegandia pembeni. Nikaanza kumlaani yule kijana wa Kariakoo bure.

Mzee wangu ndo aliyeniokoa. Alikuja kutusalimia, akanikuta kwenye kioo nasugua kama napaka rangi ukuta, akaniuliza, "Maji umechota wapi?" Nikamwambia kisimani baba, si ndo tunayotumia hapa Mbagala. Akasema, "Hayo hata maharage hayaivi, ndo yatoe povu?"

Nikakaa kimya. Maana ni kweli, maharage yetu yanakula mkaa siku nzima. Yale maji yana chokaa, kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ikikutana nazo inaganda inakuwa ule utando badala ya povu, kwa hiyo unaweza kuzungusha mpaka adhana ya adhuhuri na hupati kitu.

Kesho yake nikachukua kikombe kimoja cha maji ya mvua kwenye ndoo tunayokinga chini ya bati. Nikakung'uta brashi, nikazungusha juu ya sabuni kama nusu dakika mpaka ncha zikashika kitu kizito kama gundi, nikahamia shavuni nikizungusha polepole, nikachovya ncha tu, nikazungusha tena, nikachovya tena. Mara ya tatu likabadilika lenyewe, vile vipovu vikapotea likawa laini linang'aa kama mtindi, nikinyanyua brashi linabaki na kincha kimesimama. Nikaliacha dakika mbili tatu ndevu zilainike, halafu wembe ukapita nikifuata ndevu zinavyolala, bila kurudisha kinyume. Sisemi vipele vimeisha, ndevu zetu hizi za kujikunja zina tabia ya kurudi ndani ya ngozi hata ufanyeje, ila ule moto wa shingoni sijausikia tena.

Shida iliyobaki ni ya nyumbani. Shemeji yenu naye alisikia ile habari ya maharage, sasa ndoo ya mvua ina wenyewe wawili, na hivi ninavyoandika kuna dumu la lita tano nimelificha uvunguni.

Ni mimi msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam