Barua kwa mwanangu: habari ya kifua chako

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia mtapiga Quatuor pour la fin du temps, ule muziki wa wapigaji wanne wa mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen, na klarineti ni yako. Lakini kikohozi umekitaja juu juu, katikati ya habari nyingine, kana kwamba sitakiona. Nimekiona. Umekwenda kwa daktari?

Kati ya sehemu nane, ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Wenzako wa fidla, selo na piano wananyamaza, unabaki peke yako. Nimeisikiliza mara nyingi. Nota inaanza kwa sauti isiyosikika, inapanda taratibu mpaka inajaza chumba, na pumzi ni ileile moja. Mwenye kifua kizima anatoka jasho, sembuse wewe unayekohoa usiku?

Najua utanitajia Henri Akoka, mpiga klarineti wa kwanza wa sehemu hiyo. Kwamba alioneshwa nota zake mara ya kwanza akiwa mateka wa vita karibu na Nancy, Ufaransa, mwaka 1940, mpiga selo Étienne Pasquier akimshikia karatasi. Kwamba alilalamika ni ngumu mno, Messiaen akamwambia ataiweza. Na tarehe 15 Januari 1941 akaipiga kweli, katika kambi ya Wajerumani ya mateka wa vita, Stalag VIII-A, huko Görlitz, katika njaa na baridi. Namheshimu sana. Lakini Akoka hakuchagua kuwa pale, mwanangu. Wewe una daktari na una mwalimu. Mwambie mwalimu leo kwamba kifua kinakusumbua, usingoje wiki ya tamasha.

Ukaidi wako ndio uliokufikisha huko, hata pale sisi wazazi wako tulipokutaka uiweke klarineti ushike vitabu. Kwa hiyo siulaumu. Ila usiutumie kwenye mazoezi ya pumzi. Usiku tembeza vidole tu, bila kupuliza. Ile nota ndefu unaipiga vizuri kuliko wengi niliowasikia, na sisemi hivyo kwa kuwa mimi ni mama yako. Haitapotea ukipumzika siku chache.

Mdogo wako amehamishia meza yake chumbani kwako. Vitabu vyako vya nota nimevifunga sandukuni, hakuna aliyevigusa. Bomba la jikoni bado linavuja. Baba yako anauliza tamasha litaanza saa ngapi, na kama ukumbi una baridi.

Nijibu la daktari kwanza, kisha la ukumbi.

Mama yako